BARAZA LA JUMAPILI: Simu Ina Asilimia Ngapi?

Ndugu wasomaji, safu hii imezoea kuzungumzia mambo ya nyumbani: malezi, matumizi ya fedha, ugomvi wa mawifi, na mengineyo yaletwayo na barua zenu. Leo naomba ruhusa yenu nizungumzie betri. Najua wapo watakaosema kwamba betri ni habari ya mafundi na haina nafasi katika ukurasa wa familia. Mimi nami nilikuwa na fikra hiyo hiyo hadi usiku mmoja wa mwezi Februari, nilipokuwa katika kijiji kimoja cha bonde la Kilombero, huku nyumbani kwangu Dar es Salaam mtoto akitetemeka kwa homa.

Nilikuwa nimetumwa kwenda kuandika habari za wakulima wa mpunga. Mtumishi wa siku hizi akitumwa nje huondoka na ofisi yake begani: kompyuta mpakato, simu, chaja mbili, na nyaya zilizosokotana kama mizizi ya mkoko. Waliotutangulia katika kazi hii walibeba daftari na kalamu, na kalamu ikiisha wino waliazima nyingine kwa mwalimu wa shule ya kijiji. Sisi tumepewa vyombo vinavyofanya kazi ya watu kumi, almuradi viwe na chaji.

Tulitoka alfajiri. Simu yangu ilikuwa na asilimia 100 nami nikajiona tajiri. Kiti cha basi kilikuwa na tundu la kuchajia, ila langu halikutoa kitu. Sikujali. Nilifungua mpakato nikaunganisha mtandao wake kwa njia ya simu, nikaiweka simu yenyewe ukingoni mwa dirisha ili ishike mawimbi vizuri, na jua la asubuhi likaipata barabara. Tulipokatiza hifadhi ya Mikumi, mawimbi yalipotea na kurudi, yakapotea tena. Pale Kidatu nilikuwa na asilimia 41. Ifakara, 18. Tulipovuka daraja la mto Kilombero, pale tulipokuwa tukivuka zamani kwa pantoni, zilibaki tisa. Mpakato nao nilikuwa nimeufunga kifuniko bila ya kuuzima, nikausindika begini katikati ya nguo. Nilipoutoa ulikuwa wa moto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi, na ndani yake mna asilimia sita.

Salamu za wenyeji, maji ya kunawa na ugali wa jioni vikachukua muda wake. Saa mbili kasorobo usiku simu ikatoa mlio mmoja, ikazima.

“Shikamoo mzee,” nikamwendea mwenyeji wangu. “Naomba mahali pa kuchaji simu.”

“Marahaba, mwanangu. Umeme tunao,” akasema, “ila leo haupo. Mvua ya alasiri imeangusha mti juu ya waya.”

Akanipa simu yake mwenyewe, kitochi kilichofungwa mpira ili kifuniko kisidondoke, kikiwa na chaji ya siku tatu. Nikakishika, nikaweka kidole juu ya vitufe, na hapo ndipo nilipotambua kwamba sijui namba ya mke wangu. Nimeishi naye miaka tisa. Najua tarehe ya kuzaliwa kwake, najua kiasi cha chumvi anachopenda, lakini namba yake imo ndani ya kile chombo kilichokufa na haimo kichwani mwangu. Tukajaribu kuitoa laini yangu ili tuiweke kwenye kitochi. Laini yangu ni ile ndogo ya kisasa, na kitundu cha kitochi ni cha zile kubwa. Ikacheza humo kama punje ndani ya debe. Nikarudisha simu kwa shukrani, nikalala.

Sikujua kwamba saa ile ile mke wangu alikuwa ananipigia kwa mara ya nne. Mtoto wetu wa miaka sita alikuwa amepandwa na homa tangu magharibi. Fedha za nyumbani kwetu, kama ilivyo kwa nyumba nyingi siku hizi, hazikai tena chini ya godoro wala ndani ya kopo la majani ya chai. Zimo kwenye simu, na simu yenyewe ni ya baba. Mama alikuwa na fedha za mboga tu. Kila alipopiga aliambiwa kwamba mteja hapatikani. Alipiga mara 11. Hatimaye mama mmoja jirani akatoa fedha zake za marejesho ya kikoba, akaita bajaji, wakaenda hospitali pamoja. Kipimo kikaonyesha malaria. Mtoto akaanzishiwa dawa ya mseto usiku ule ule, na baada ya siku tatu akawa anacheza.

Asubuhi, nilipopata chaji na kumpigia, mke wangu hakunigombeza. Aliniuliza swali moja: “Kumbe uko hai?”

Ndugu msomaji, ningependa kusema kwamba nilikuwa na jibu.

Chaji yenyewe niliipata kwa kijana mmoja mwenye kibanda karibu na kisima. Juu ya bati ameweka paneli mbili za umeme wa jua. Ndani mna betri ya lori, kibadilishia umeme, na ubao uliojaa soketi. Simu za kijiji kizima zilikuwa zimepangwa juu ya meza, kila moja imebandikwa kipande cha karatasi chenye jina la mwenyewe. Aliipokea yangu, akaipapasa mgongoni, akaitazama kwa ubavu kama mnunuzi wa ng’ombe.

“Kaka, betri hii umeiua mwenyewe,” akasema.

Nikamwambia kwa fahari kwamba simu hiyo haina hata miaka miwili, nami huitunza sana: kila usiku naijaza hadi asubuhi, na mara moja kwa mwezi naiacha iishe kabisa hadi izime ndipo niichaji upya, kama nilivyofundishwa na muuzaji.

“Ndiyo hivyo,” akajibu. “Umeiua kwa kuitunza.”

Niliporudi mjini niliketi nikasoma wayaandikayo wataalamu, na nikaona kwamba yule kijana alikuwa na haki karibu katika kila alilosema. Basi nawapeni niliyoyapata huko.

Betri ya simu na ya mpakato ni ya madini ya lithiamu. Haikubuniwa na mtu mmoja. Stanley Whittingham aliianza kazi hiyo katika miaka ya 1970 akiwa na kampuni ya mafuta ya Exxon huko Marekani. Mwaka 1980 John Goodenough na wenzake, wakiwa Oxford, Uingereza, wakaonyesha kwamba madini ya kobalti yanafaa kwa upande mmoja wa betri. Mwaka 1985 Akira Yoshino wa Japani akaitengeneza katika umbo lililo salama kutumiwa na watu. Kampuni ya Sony ikaanza kuiuza mwaka 1991. Watatu hao wakapewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019, na Goodenough alikuwa na umri wa miaka 97, mzee kupita wote waliowahi kupewa tuzo hiyo. Alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 100.

Ndani yake mna vyumba viwili, na chembechembe za lithiamu huhama kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Unapochaji, zinasukumwa kuingia chumba cha madini ya kinywe, yaani yale meusi tunayoyafahamu kwa risasi ya penseli. Unapotumia simu, zinarudi zilikotoka, na katika kurudi huko ndiko umeme hutolewa. Kinywe kilichomo ndani ya betri ni kingi kwa uzito kuliko lithiamu yenyewe. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu, kwa maana milima ya Mahenge, niliyokuwa nikiitazama ng’ambo ya bonde asubuhi ile huku simu yangu imekufa mkononi, ni miongoni mwa mahali panapojulikana katika nchi hii kwa hazina kubwa ya kinywe. Na ile kobalti ya chumba cha pili, iliyo nyingi duniani huchimbwa Kongo, kule Kolwezi na maeneo yake, kwa ndugu zetu wanaosema Kiswahili kama sisi.

Betri hiyo huzeeka kwa njia mbili. Kwanza ni kwa safari za chembe hizo. Kila safari huacha utando kidogo ukutani mwa kinywe, na utando unapozidi nafasi hupungua. Betri nyingi za simu hutarajiwa kubakiwa na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko ipatayo 500. Baadhi ya zile mpya hufikia 1,000. Lakini mzunguko si kila unapochomeka waya, kama wengi tunavyodhani. Ukitumia nusu leo ukaijaza, na kesho ukatumia nusu tena, huo ni mzunguko mmoja. Kwa hiyo kuchaji kidogo kidogo hakuna dhambi yoyote.

Pili, betri huzeeka hata ikiwa imelala, na hapo wauaji ni wawili wanaoshirikiana: joto, na kujaa mno. Betri iliyojaa kabisa ni kama gunia lililoshindiliwa hadi nyuzi zinalia. Ikikaa hivyo mahali pa baridi huvumilia. Ikikaa hivyo katika joto la nyuzi 40, kwa mwaka mmoja yaweza kupoteza kiasi cha theluthi ya uwezo wake, hata kama haikutumika. Watengenezaji wengi wanashauri chombo kisitumike mahali penye joto zaidi ya nyuzi 35. Sasa msomaji wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa ahesabu mwenyewe: chumba kina nyuzi 31 usiku wa Februari, simu imo chini ya mto, imevalishwa koti la mpira, inachajiwa kutoka saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ilhali ilijaa tangu saa sita. Au imo ndani ya gari lililofungwa vioo juani, ambamo joto hupita nyuzi 50 kwa urahisi. Au iko dirishani mwa basi la Ifakara.

Sasa ile desturi ya kuiacha iishe kabisa imetoka wapi? Haikuwa upuuzi. Betri za nikeli, zilizokuwa katika redio na simu za kwanza za mkononi, zilihitaji kweli kuishiwa mara kwa mara. Ukizijaza nusu nusu zilisahau uwezo wao. Muuzaji aliyenifundisha alifundishwa na mtu aliyeuza simu hizo. Betri zimebadilika, mafundisho yamebaki. Jambo linalotatanisha zaidi ni kwamba ile betri kubwa ya risasi, kama ya lori au ya umeme wa jua wa nyumbani, ina tabia ya kinyume: hiyo hupenda kuwa imejaa wakati wote, na ukiiacha tupu majuma machache huharibika isirudi tena. Kwa hiyo yule kijana mwenye kibanda hukesha akiilinda betri yake kubwa isishuke, na mchana huwaonya wateja wasizijaze zao kupita kiasi, na wateja humwona mtu asiye na msimamo. Hizo ni betri za koo mbili tofauti, kila moja na mwiko wake.

Lithiamu hupenda katikati. Isishuke chini ya asilimia 20 mara kwa mara, isishinde kwenye 100. Simu na mpakato nyingi za sasa zina mahali pa kuamuru chaji ikome kwenye 80. Ukiwa mtu wa kufanya kazi mezani, penye umeme, tumia nafasi hiyo. Chombo utakachokiweka kabatini miezi kadhaa kiache kikiwa na nusu. Lakini tusiwe watumwa wa hesabu hizi. Siku ya safari jaza hadi 100, maana betri imenunuliwa itumike, na mtu anayekwenda Liwale na asilimia 80 eti anatunza betri ni sawa na anayekwenda msibani peku eti anatunza viatu.

Hapo mimi na kijana yule tulitofautiana kidogo. Yeye alishikilia kwamba kuzungumza na simu huku inachajiwa ndiko kunakoiua. Nionavyo mimi, kinachodhuru ni lile joto linalozidi vyombo viwili vinapofanya kazi kwa pamoja. Ikiwa simu haipati moto, zungumza na mama yako bila wasiwasi.

Tuje kwenye ulaji wa chaji. Kioo chenye mwanga mkali ni mlaji mkubwa, hilo kila mtu analijua. Lisilojulikana sana ni mawimbi dhaifu. Simu iliyo mbali na mnara hupaza sauti ili isikike, kama mtu anayemwita mwenzake ng’ambo ya mto, na kupaza sauti huko kunakula chaji hata wewe ukiwa umesinzia. Hii ndiyo sababu simu iliyokaa siku nzima mjini huisha mchana mmoja ukiwa shambani. Dawa yake ni rahisi: unapopita porini, kama pale Mikumi, iweke simu katika hali ya ndege, na uifungue ufikapo mahali penye watu. Na ukiweza usiifanye kuwa mlango wa mtandao wa mpakato kwa saa tatu mfululizo. Andika kwanza, hifadhi, kisha fungua mtandao dakika tano utume kazi yako.

Kwa upande wa mpakato, betri ya kawaida huhifadhi wati-saa 50 hadi 60. Ukiwa unaandika tu, mwanga ukiwa wa wastani, huenda unakula wati 10 hivi, na hapo una saa tano. Ukifungua kurasa 20 za mtandao na kikao cha kuonana kwa picha, unakula mara mbili ya hapo au zaidi, na saa zako tano zinakuwa mbili. Unapoufungia safari, uzime. Kufunga kifuniko peke yake huulaza tu, na mara nyingine huamka wenyewe ndani ya begi, ukajipika humo kama wangu.

Wengi hukimbilia benki ya chaji, ile inayoitwa pawabenki, nami sasa ninayo. Lakini inunuliwe kwa macho. Ikiandikwa mAh 10,000 usidhani itaijaza mara mbili simu ya 5,000. Namba hiyo imepimwa kwa nguvu ya volti 3.7 ya betri iliyomo ndani, sawa na wati-saa 37; nguvu hiyo inapopandishwa hadi volti tano na kupita katika waya sehemu yake hupotea kwa joto. Simu ya 5,000 ina wati-saa zipatazo 19. Utaijaza mara moja, na ziada yake. Kuijaza mpakato ndiyo kabisa: benki ndogo haitoshi kwa wingi wa umeme wala kwa kasi ya kuutoa, na nyingi haziwezi hata kuuamsha. Mwenye mpakato atafute benki ya 20,000 au zaidi inayotoa wati 45 au 65, na ahakikishe kwamba mpakato wake unapokea chaji kwa ule mdomo mdogo wa mviringo unaotumika pia kwa simu mpya.

Na wapo matapeli. Kariakoo nimeonyeshwa benki iliyoandikwa 50,000 ambayo naweza kuificha kiganjani. Lithiamu ina uzito wake, haiwezi kudanganya mizani. Kipande kimoja cha betri cha mviringo kinachotumika sana katika benki hizo huwa na gramu 45 hadi 50, na uwezo wake, kikiwa kizuri, ni 2,500 hadi 3,500. Benki ya 20,000 ya kweli haiwezi basi kuwa chini ya robo kilo na ushee. Ishike mkononi; ikiwa nyepesi kama sabuni ya kuogea, irudishe. Anayesafiri kwa ndege aiweke katika mkoba wa mkononi, kwani haikubaliwi katika mizigo ya chini, na isizidi wati-saa 100, yaani kama mAh 27,000, isipokuwa kwa kibali cha shirika la ndege.

Ikiwa betri imevimba, simu imefunuka mgongo au mpakato haukai sawa mezani, msibishane nayo. Msiichaji tena, msiitoboe kutoa hewa kama nilivyoona ikifanywa, na msilale nayo chumba kimoja. Moto wa lithiamu huanza ghafla, na watoto wetu hulala na simu kifuani.

Nina neno moja kwa waajiri. Afisa ugani, mtoa chanjo, karani wa sensa, mwandishi kama mimi, sote hutakiwa siku hizi kupeleka taarifa kwa simu na mpakato, tena kabla ya jioni. Tunapewa nauli, tunapewa posho ya kulala, na huyo mwenye daraja kubwa hupewa gari. Sijawahi kuona fomu ya safari iliyo na mstari wa kuchaji. Mtumishi hulipa kibandani kwa mfuko wake, hununua benki ya chaji kwa mshahara wake, na betri ya kifaa cha ofisi ikichakaa huambiwa kwamba kifaa bado ni kizima kwa sababu kinawaka kikichomekwa ukutani. Kinawaka ukutani! Huko alikotumwa ukuta wenyewe ni wa fito na udongo. Kubadilisha betri ya mpakato ni gharama ndogo kuliko kununua mpakato mpya, na ni ndogo zaidi kuliko kumrudisha mtu kijijini mara ya pili kwa taarifa ambayo haikufika.

Nyumbani kwetu tumepanga upya mambo kadha wa kadha. Kwanza, fedha ya dharura haikai tena kwenye simu ya baba peke yake. Sehemu imo kwenye laini ya mama, na kiasi kidogo cha noti kimerudi ndani ya kopo. Tulilipa deni la mama jirani siku niliyorudi, naye akakataa kupokea fedha za bajaji. Pili, karatasi imebandikwa nyuma ya mlango wa jikoni, ina namba sita kwa maandishi makubwa, na mtoto aliyeugua ameziimba hadi kuzihifadhi zote. Mimi nimeshika nne. Tatu, nisafiripo tunazungumza saa moja na nusu jioni, iwe iwavyo, na asilimia 20 za mwisho za simu si za ofisi. Mhariri wangu amearifiwa. Hakufurahi, lakini naye ana mke.

Nimenunua pia kitochi, cha laini mbili, pamoja na kile kiplastiki cha kuwekea laini ndogo katika kitundu kikubwa, ambacho bei yake haizidi ya andazi. Ningekuwa nacho usiku ule ningeiweka laini yangu katika simu ya mzee, kwa kuwa fedha za simu haziko ndani ya chombo, ziko kwenye laini na namba ya siri, na ningezituma nyumbani nikiwa nimeketi pale pale kwenye mkeka.

Juma lijalo natumwa Liwale. Begi liko tayari karibu na mlango, mpakato umezimwa kabisa, simu imevuliwa koti lake la mpira. Jana jioni mke wangu alipita, akainama, akabonyeza kitufe cha kitochi kutazama kama kinawaka. Kisha akaniuliza simu kubwa ina asilimia ngapi, nami nikamwambia sabini na mbili, nitaijaza alfajiri.

“Na namba yangu?” akauliza.

Nikamtajia yote, tarakimu kumi, bila ya kukosea. Akaenda zake jikoni.